Bunduki Haingoji Mjadala

1

Kanuni ya saba ya sura ya bunduki, Hidaya Semboja aliiandika kwa hasira, mchana mmoja wa Jumamosi mjini Tanga, ili kumnyamazisha mtu mmoja tu. Mtu huyo aliitwa Lutengano Mwinuka. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na akiketi kwenye meza ya Zama za Mumiani alikuwa hashikiki.

Zama za Mumiani ni mchezo wa dadu, karatasi na maneno mengi. Wachezaji wanaizunguka meza, kila mmoja anajifanya mtu fulani katika Tanga ya miaka mia tatu ijayo, ambako mumiani, wale wale wanyonya damu waliowanyima bibi zetu raha, wametoka mafichoni na sasa wana vyama vyao, vitongoji vyao na vikao vya harusi. Hidaya ndiye aliyeutunga, na mezani yeye ndiye msimulizi: akisema mvua inanyesha, inanyesha. Kwa ajili ya bunduki za zama hizo alibuni kitu alichokiita komeo, kifaa ndani ya bunduki kinachoizuia risasi isitoke ikielekezwa kwa mtu. Alikuwa amechoka na wachezaji wanaouana wenyewe kwa wenyewe kabla chai haijapoa.

Lutengano aliliona tundu siku ile ile. Mhusika wake alikuwa mumiani mzee, Bwana Kaniki, na Bwana Kaniki akawa na mtindo wa kusimama mbele ya bunduki tano, kanzu imenyooka kwa pasi, akisema, "Nina macho, nina pua, nina kanzu. Hilo komeo lenu litajuaje kwamba mimi si mtu?" Kisha anawanyonya mmoja mmoja. Kila alipofanya hivyo meza nzima ilibishana saa nzima, mmoja akisema piga, mwingine akisema usipige. Wiki ya tatu Hidaya alichukua kalamu, akaandika hapo hapo huku wakimtazama:

Kanuni ya 7. Komeo hupima mambo matatu: joto, pumzi na mapigo ya moyo. Anayekosa mawili kati ya hayo si mtu. Komeo likifunguka, bunduki hufyatuka yenyewe. Bunduki haingoji mjadala.

Watu walicheka mpaka machozi. Bwana Kaniki aliuawa dakika nne baadaye, na Lutengano alinuna mpaka sambusa zilipoletwa.

Hayo yalikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Lutengano alihamia kwao Njombe, akafundisha huko mpaka akastaafu, moyo wake ukachoka, madaktari wakamwekea pampu. Na Jumamosi saa moja asubuhi, mbele ya ghala la parachichi, kanuni ya saba ilimpiga risasi tena. Safari hii hapakuwa na dadu.

2

Hidaya alishuka Njombe Jumatatu akiwa na blauzi nyepesi na khanga mbili, kama mtu anayekwenda sokoni Ngamiani, kwao Tanga. Ilikuwa Julai. Baridi ilimpiga mlangoni mwa basi, meno yakaanza kugongana, na kabla hajafika ofisi za Kampuni ya Bawabu, wenye kulinda ghala lile, alikuwa hajisikii vidole. Ndipo lilipomjia jambo lililomkata maini. Alikuwa hajawahi kuandika kanuni hata moja akiwa anatetemeka. Tanga, nani angekosa joto? Maiti tu, na mumiani.

Mkurugenzi Theobald Lupala alimpa kiti karibu na jiko la umeme na kikombe cha chai. Kando yake alikaa mhandisi Ezekia Nyagawa, na Hidaya alimtambua mara moja. Alikuwa mwanafunzi wa chuo enzi zile, mchezaji wa pembeni mwa meza, mpole, anayeandika kila kitu kwenye daftari.

"Ezekia," alisema. "Kumbe ni wewe."

"Shikamoo, dada Hidaya." Hakuinua macho.

Lupala alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma habari. Miaka saba nyuma wezi waliacha kuja wenyewe, wakaanza kutuma sanamu: mashine za kutembea, zimevalishwa koti na kofia, zenye mikono ya kunyanyua tani moja. Walinzi hawakuweza kuzitofautisha na watu kwa macho, wakaogopa kupiga, na sanamu zikawa zinaingia maghalani kama zimealikwa. Mlinzi mmoja, Kiswaga, alibanwa kwenye lango la chuma na kufa papo hapo. Serikali ikaruhusu bunduki zenye akili, kwa sharti moja. Kanuni ya kila bunduki lazima iandikwe kwa maneno ya kawaida ambayo raia yeyote atayaelewa, na lazima iwe na mwenyewe: binadamu mmoja, mwenye jina, anayewajibika. Huyo peke yake ndiye anayeweza kuibadilisha, kwa kuisoma kwa sauti mbele ya bunduki na msajili wa silaha.

"Na mwenye kanuni yenu ni nani?" Hidaya aliuliza, ingawa jibu alikwisha kulikisia.

Ezekia alimsogezea karatasi. Jina lake lilikuwa pale, herufi kubwa, limepigwa mhuri miaka sita iliyopita.

"Tulijaribu kuandika ya kwetu, dada. Kurasa mia mbili, na kila ukurasa una tundu. Halafu nikakumbuka kitabu chako. Kila tundu lilikwisha kuzibwa mezani, na watu wabishi kuliko wezi. Na ukurasa wa kwanza umeandika mwenyewe kwamba yeyote yuko huru kukitumia."

"Kuchezea, Ezekia. Kuchezea!"

"Niliona ni heshima kuweka jina lako."

"Ulinipigia simu uniheshimu?"

"Niliogopa utakataa," alisema Ezekia, na angalau hapo alisema kweli.

Hidaya alitaka kumrushia kikombe. Lakini alikumbuka pia siku alipolisikia neno komeo redioni kwa mara ya kwanza, walinzi fulani wamepewa bunduki za komeo, na jinsi alivyojivuna akiwa jikoni peke yake. Neno langu, alijisemea, limeingia mtaani. Hakuuliza ni nini kingine kilichoingia pamoja nalo. Aibu ya hilo ilimchoma kuliko chai.

"Bunduki haikukosea," Lupala aliendelea. "Nataka hilo lieleweke. Mzee alikuwa na koti zito na blanketi, jicho la joto likaona nguo baridi. Pumzi ilikuwapo, kidogo, chini ya skafu. Mapigo hayakuwapo. Pampu yake haidundi, inazunguka tu. Sikio la bunduki lilisikia mota kifuani. Mawili kati ya matatu. Imefuata ulivyoandika, neno kwa neno."

"Najua nilivyoandika."

"Basi tunarekebisha." Aliweka karatasi nyingine mezani. "Kesho asubuhi utasoma hii."

Ilikuwa sentensi mbili. Mwenye pampu ya moyo atavaa kitambulisho cha utu. Asiyekivaa atapimwa kama kawaida.

Hidaya aliisoma mara tatu. "Wenye pampu wako wangapi nchini?"

"Mia nne na kitu."

"Na mmoja wao akikisahau nyumbani?"

"Atakumbuka," alisema Lupala.

Jiko la umeme lilinguruma. Hidaya aligundua kwamba hatetemeki tena, na si kwa sababu ya jiko.

"Sentensi hii ameiandika nani?"

"Wanasheria wetu."

"Jina lake?"

"Ni kazi ya pamoja, Bi Hidaya."

"Na nikikataa kuisoma?"

Lupala alishusha pumzi kama mtu mwenye huruma. "Wewe ndiye mwenye kanuni. Risasi ya Jumamosi ni yako. Ukisoma hii, tutakusimamia, itakuwa ajali iliyorekebishwa. Usiposoma, polisi watataka kujua kwa nini. Miaka kumi si kidogo kwa mama wa umri wako."

3

Lutengano alikuwa kitanda cha tatu wodi ya wanaume, bega limefungwa bandeji nene, blanketi mpaka kidevuni. Kutoka chini ya blanketi ilitoka sauti nyembamba isiyokatika, kama friji ya jirani. Hidaya alisimama miguuni pa kitanda, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkimbia.

"Kamwene, Msimulizi," mgonjwa alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Usilie. Ukilia nitajua nakufa, na daktari amenihakikishia sifi."

"Mwalimu, nisamehe."

"Kwa lipi? Kwa Bwana Kaniki sijakusamehe mpaka leo. Kwa hili tutazungumza." Alijaribu kucheka, bega likamkatalia. "Kaa. Kutana na aliyenipiga."

Kwenye benchi chini ya dirisha alikaa msichana wa miaka ishirini na kitu, sare ya Bawabu, macho yamevimba. Aliinuka haraka.

"Tulizo Mlowe, mama. Shikamoo. Mimi sikumpiga. Nilikuwa nimeishika tu."

"Hadithi ni ile ile," alisema Lutengano. "Nilimfundisha hesabu kidato cha pili. Nilimpa sifuri. Sasa amelipa."

"Mwalimu, jamani!"

"Mwache," Hidaya alimwambia yule msichana. "Alianza kuwa hivi kabla hujaanza shule. Wewe nieleze."

Tulizo alieleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama yuko paredi. Alikuwa zamu ya asubuhi na ukungu ulikuwa mzito. Aliona mtu anakuja na kikapu, akaujua mwendo wake kabla hata ya kuuona uso, kwa sababu Mwalimu Mwinuka huburuta mguu wa kushoto. Bunduki ikaamka mikononi mwake, taa nyekundu. "Nikapiga kelele, ni mwalimu! Ni mwalimu! Nikaiinamisha chini kwa nguvu zangu zote. Ndiyo maana ikampata bega na si kifua. Ile bunduki haisikii, mama. Nilikuwa kama kigingi tu cha kuiegemeza."

Hidaya aliikumbuka sentensi yake ya mwisho. Bunduki haingoji mjadala. Wachezaji wake waligonga meza kwa furaha sentensi ile iliposomwa.

"Nimeletewa sentensi mpya," alisema, na akawasomea.

Sauti ya pampu ikabaki peke yake wodini.

"Nimekuwa mumiani miaka kumi na tisa bila kibali cha mtu," alisema Lutengano. "Leo ndiyo nikaombe kibali cha kuwa binadamu? Sivai."

"Usipovaa watakupiga."

"Basi wanipige nikiwa mtu. Hidaya, nikivaa hicho kidude, nimekubali kwamba bila hicho mimi ni kitu. Na kesho watakuja wenye kasoro nyingine. Asiye na mkono. Anayehema kwa mashine. Kila mmoja na kidude chake. Sivai, na ukiisoma sentensi hiyo usinijie tena na sambusa."

"Nisipoisoma, kanuni inabaki ilivyo. Nikilifuta komeo kabisa, sanamu zitawaua hawa watoto malangoni." Alimgeukia Tulizo. "Kiswaga ulimjua?"

"Nilikuwa naye zamu moja." Tulizo alitazama sakafu. "Wakati ule bunduki zilikuwa za kawaida. Alisita, hakuwa na uhakika. Alisita kidogo tu."

"Unaona? Nikiweka kusita kwenye kanuni, ninaweka kifo cha mtu kama Kiswaga. Kwa mkono wangu, na najua. Ile ya kwanza niliandika bila kujua. Hii nitakuwa najua."

Nesi aliingia, akakishika kifundo cha mkono cha Lutengano kwa mazoea ya kutafuta mapigo, akakumbuka, akauachia mkono na kuandika kitu kwenye karatasi yake.

"Mama," alisema Tulizo. "Naweza kusema?"

"Sema."

"Kiswaga alisita kwa sababu bunduki yake haikujua chochote. Hii inajua mengi. Inaona kwenye ukungu, inasikia kifua. Iniambie inachokiona, halafu iniulize mimi. Ndiyo, nitachelewa. Siku moja pengine nitachelewa sana. Lakini niliivaa sare hii nikijua lango linaweza kuniua. Sikuivaa ili niue watu ninaowaamkia." Sauti ilimpasuka. Hakungoja itulie, aliendelea nayo hivyo hivyo. "Naomba niulizwe. Nikikosea niwe nimekosea mimi."

"Na walinzi wenzako?"

"Tangu Jumamosi wamekuja kumi na wanane kumwona mwalimu. Waulize."

Lutengano aliinua kidole cha mkono mzima, kama anavyofanya akiona mchezaji amerusha dadu nzuri.

"Kalamu iko wapi?" alisema.

4

Jumanne saa mbili asubuhi waliweka meza ndogo mbele ya lango la ghala. Umande ulikuwa umeganda kwenye majani. Tulizo alisimama langoni na bunduki yake, pale pale alipokuwa Jumamosi, kwa kuwa sheria inataka kanuni isomwe mbele ya silaha iliyofyatuka. Lupala alikuja na wanasheria watatu waliovaa makoti yanayofanana. Ezekia alikaa mbali nao. Polisi wawili waliegemea gari lao wakipulizia viganja. Msajili alikuwa mama mwembamba wa makamo, mwenye miwani na kofia ya kufuma, na mkononi alikuwa na kitabu cha saini.

"Mwenye kanuni ni Hidaya Semboja?"

"Ni mimi."

"Utakachosoma kitasikiwa na kila komeo nchini, makomeo elfu arobaini. Hakitabadilika mpaka ukibadilishe wewe. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Soma."

Hidaya alikuwa amevaa koti la kuazimwa hospitalini, refu mpaka magotini. Aliitoa karatasi ya kampuni mfukoni, akaikunja mara mbili, akairudisha. Alitoa nyingine, ya daftari la nesi, iliyochanwa pembeni. Alipiga moyo konde.

"Kanuni ya saba. Komeo hupima joto, pumzi na mapigo ya moyo. Vipimo hivyo visipoonyesha mtu, bunduki humwambia aliyeishika inachokiona, kisha humwuliza: mbele yako kuna nani? Aliyeishika akitaja mtu, ni mtu. Akinyamaza, ni mtu. Akisema si mtu, komeo hufunguka. Hakuna anayetakiwa kuvaa chochote ili awe mtu. Bunduki hungoja."

"Simamisha!" Lupala alifoka. "Hiyo siyo! Msajili, simamisha!"

Msajili alimtazama juu ya miwani. "Wewe ni mwenye kanuni?"

Mikononi mwa Tulizo bunduki ilikwisha kuanza kurudia maneno yale, kwa sauti tulivu ya kike ambayo Hidaya hakuipenda hata kidogo. Ilipofika mwisho, ikasema: "Bunduki hungoja. Imepokelewa."

"Unajua ulichofanya?" Lupala alikuwa amepauka. "Mlinzi wa kwanza kufa, damu yake ni yako. Jina lako liko pale!"

"Liko pale," alisema Hidaya. "Ninyi mliliweka. Sasa naliacha mwenyewe." Alikuwa anaogopa, lakini sauti ilitoka yote. "Mkitaka kanuni nyingine, hamjakatazwa. Iandikeni ile ya vitambulisho, isajilini upya, muiweke kwenye bunduki zenu. Inahitaji jina la mtu mmoja tu. Kalamu hii hapa."

Aliiweka kalamu katikati ya meza. Wanasheria watatu waliitazama. Lupala aliitazama. Ezekia aliinua mkono kidogo, akaushusha.

Wakati huo huo bunduki ya Tulizo iliwasha taa nyekundu.

Barabarani, ndani ya ukungu, kulikuwa na umbo linalokuja. Koti zito, blanketi mabegani, skafu mpaka puani, mkono mmoja umefungwa kifuani. Lilikuwa linaburuta mguu wa kushoto. Nesi alikimbia nyuma yake akiita, na umbo halikugeuka.

"Mwalimu!" Hidaya alipiga ukelele. "Simama! Haijajaribiwa!"

Lutengano hakusimama. Alikuja moja kwa moja, kifua mbele, vile vile alivyokuwa akimtembeza Bwana Kaniki mbele ya bunduki tano. Mtu mmoja wa kampuni alijitupa chini. Polisi waliacha kupulizia viganja.

"Joto, hakuna," ilisema bunduki. "Mapigo, hakuna. Mota kifuani. Mbele yako kuna nani?"

Hidaya aliisikia pampu, au alidhani ameisikia. Kama kanuni yake ilikuwa na tundu, hapa ndipo lingeonekana, na asingekuwa na wiki ya tatu ya kuliziba.

"Mwalimu Lutengano Mwinuka," alisema Tulizo. Machozi yalimtiririka lakini mtutu haukutikisika. "Ni mwalimu wangu wa hesabu."

Ndani ya bunduki kitu kiligonga mara moja, kavu. Taa ikazimika.

Lutengano alifika mezani akihema. Aliivuta skafu chini, akamtazama Lupala kutoka kofia mpaka viatu, hakumwambia neno, akamgeukia Hidaya.

"Kanuni yako ina tundu," alisema.

"Mwalimu, nakuomba."

"Mumiani wangu atamteka mlinzi. Atamwekea kucha shingoni, amlazimishe kutaja jina la mtu. Komeo litafungwa, na mimi nitapita. Hukulifikiria hilo."

"Nililifikiria."

"Na?"

"Nimeliacha. Afadhali upite."

Alilipima. Kisha aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa namna ambayo Hidaya alikuwa hajaiona hata siku moja katika miaka kumi na tisa.

Polisi mmoja alikohoa. "Bi Hidaya, tunakuhitaji kituoni. Habari ya Jumamosi."

"Nipo. Sikimbii." Alivua koti la hospitali, akamwekea Lutengano juu ya blanketi lake, akabaki na blauzi yake ya Tanga kwenye baridi ile. Tulizo alitoka langoni, akampigia saluti bila kuamriwa na mtu. Ezekia aliinuka hatimaye, akaja mpaka mlango wa gari na daftari lake la zamani kwapani.

"Nitasema kweli, dada. Kwamba hukuulizwa."

"Sema mbele yao," alimjibu. "Mimi naijua."

Gari lilipogeuka alitazama nyuma kupitia kioo. Jua lilikuwa limeanza kuupenya ukungu. Msajili alikuwa amefungua kitabu chake na kungoja, kama sheria inavyotaka. Lupala na watu wake walikuwa wameizunguka meza, mikono yote imo mifukoni, na kalamu ilikuwa pale pale alipoiweka.